Nishapoa

Mfumaji alikuwa na mikono minane, na yote minane ilikuwa imezama kwenye nyonga ya Mjomba Hoza, huku mwenye nyonga yuko macho anasimulia penalti.

"Yule mshambuliaji akanitazama," alisema, amelala chali chini ya taa. "Akadhani nitaruka kulia, kwa sababu nilikuwa nimemwekea macho ya kulia. Unanielewa?"

Mfumaji hakujibu. Alikuwa roboti wa upasuaji, na roboti wa upasuaji hana habari na penalti. Mikono yake, kila mmoja mwembamba kama kijiti cha ufagio, ilipita kwenye tundu moja dogo na kutema uzi. Uzi wenyewe ulikuwa hai. Maabara ilichukua chembe za mwili wa mgonjwa, ikaziotesha, ikazifundisha kutema utando kama buibui. Mjomba Hoza alikuwa na ngiri, yaani utumbo wake ulikuwa umepata upenyo kwenye ukuta wa tumbo, pale nyongani, ukawa unachungulia nje kama jirani mmbeya dirishani. Mfumaji alikuwa analiziba dirisha kwa wavu hai.

Nusu saa tu. Mgonjwa anashuka kitandani anauliza viatu vyake viko wapi. Wavu unabaki ndani unakua polepole, na ikifika miezi mitatu unaota mizizi, unakuwa nyama. Hapo tena hakuna wa kukuambia wapi Hoza anaishia na wapi uzi unaanzia. Kabla ya hapo, Mfumaji yuleyule anaweza kuufumua.

"Maisha yangu yote nimelinda wavu," Mjomba Hoza aliwaambia wauguzi akivaa shati. Alikuwa kocha wa makipa wa timu ya Makorora. "Leo wavu umekuja kunilinda mimi. Dunia hii!"

Wauguzi wakacheka. Mpwa wake, Salhina, aliyekuwa anasubiri mlangoni, akacheka pia. Miezi mitatu baadaye hakuwa na cha kuchekea.

Salhina Mhando alikuwa mhandisi wa sauti kwenye utafiti wa wavu huo. Tanga ya miaka ile ilishazoea maajabu. Bandari ilipakia meli bila kuli hata mmoja, na mitaa ya Ngamiani ilifagiliwa na mashine zenye adabu kuliko madiwani. Lakini wavu hai ulikuwa bado kwenye majaribio. Washiriki waligawanywa makundi mawili: kundi la kwanza wanafumiwa, kundi la pili wanasubiri zamu yao ili wapate kulinganishwa na wenzao. Baraza la Tiba la Jiji likiridhika, kila mwenye ngiri atafumiwa, na vyumba vya upasuaji wa kushona kwa mkono vitafungwa.

Kujua kama mtu anaumwa ilikuwa kazi ya Dada Pole.

Dada Pole alikuwa akili unde inayompigia simu kila mshiriki kila asubuhi. Salhina ndiye aliyemtengenezea ile sauti, tamu mpaka mtu anatamani kumposa. Maana ya majibu ilikuwa shughuli ya kitengo kingine, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mwanzoni mashine ilikuwa inapiga na kusema moja kwa moja: "Kadiria maumivu yako kuanzia sifuri mpaka kumi." Watu wa Tanga hawasemeshwi hivyo. Bibi mmoja wa Chumbageni aliijibu, "Kadiria ya mama yako kwanza, kisha uniamkie," akakata. Wengi walikata. Ikabidi mashine ifundishwe adabu. Ikawa inasalimu, inauliza habari, inampa mtu pole, na jibu la pole ndilo linaloingia kwenye utafiti.

Matokeo yakawa mazuri ya kutisha. Karibu watu wote walikuwa wamepoa.

*

Asubuhi ya Jumatatu Salhina alikwenda kwa Mjomba Hoza kupeleka unga. Wiki hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ijumaa wavu wake ungetimiza miezi mitatu. Alimkuta mjomba amesimama katikati ya sebule, ameshika meza kwa mkono mmoja na nyonga kwa mkono wa pili, jasho linamtoka.

"Mjomba! Una nini?"

"Nashuka."

"Unashuka wapi?"

"Nashuka kukaa," alisema. "Usiniharakishe."

Mkewe, Bi Mwanaheri, alitokea jikoni na mwiko mkononi. "Mwulize tangu lini. Mwulize! Anageuka kitandani kama gari bovu, kila upande anapiga honi. Mazoezini hawaonyeshi tena vijana kuruka, anawachorea ardhini kwa kijiti. Kipa wa kuchora, umeona wapi?"

"Ule uzi lazima umebana mshipa wa fahamu, mjomba," Salhina alisema. "Kwa nini hukumwambia Dada Pole?"

Kabla hajajibu, simu ikalia. Ilikuwa saa ya Dada Pole.

"Assalaam alaykum, mjomba wangu," ile sauti tamu ilisema. "Habari za asubuhi?"

"Waalaykum salaam. Nzuri, mwanangu. Za huko?"

"Huku njema. Pole na upasuaji."

"Nishapoa, mwanangu, ila—"

"Alhamdulillahi! Siku njema, mjomba wangu."

Simu ikakatika. Kwenye kioo chake ukawaka mstari wa kijani: *Mshiriki amepoa.*

Salhina aliitazama simu. Akamtazama mjomba. Akarudi kuitazama simu.

"Umesema umepoa."

"Sikusema nimepoa. Nimesema nishapoa."

"Si neno lilelile!"

"Salhina," mjomba alisema kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga mkanda, "mtu akikupa pole, unamjibu nishapoa. Hata ukiwa umekatwa mguu, unasema nishapoa. Hiyo si habari ya mguu, ni habari ya malezi yako. Ya mguu yanafuata."

"Mashine haingoji yafuate! Inakata!"

"Basi hiyo ndiyo haina malezi. Mimi nimekosea nini?"

Bi Mwanaheri aligonga mwiko mlangoni. "Miezi mitatu naishi na huyu. Miezi mitatu!"

Wakafanya mazoezi. Salhina akajifanya Dada Pole, mjomba akajifunza kujibu, "Naumwa." Mara ya kwanza akasema nishapoa. Mara ya pili akasema nishapoa kisha akajipiga kibao mdomoni. Baada ya chai akaliweza, akalisema vizuri, hata kwa hasira. Asubuhi ya Jumanne simu ikalia, akakohoa, akajiweka sawa kama anayesubiri kona, na ile sauti ikamwambia, laini, "Pole sana, mjomba wangu."

"Nishapoa," akasema mjomba.

Kijani.

"Ulimi umezoea!" alifoka kabla Salhina hajafungua mdomo. "Nifanyeje, niukate? Huyo binti anasema *mjomba wangu*, mimi nimrushie *naumwa* usoni? Amenikosea nini?"

"Si binti, mjomba! Ni mashine! Nimeitengeneza mimi mwenyewe!"

"Basi umeilea vizuri upande mmoja."

Salhina akampeleka kliniki ya utafiti, akiamini kwamba daktari mwenye macho atamwona mzee anayetembea kama kaa. Daktari alikuwa kijana mstaarabu sana. Balaa tupu.

"Shikamoo, mzee wangu. Unaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Naendelea vizuri."

"Mashallah." Daktari akatazama kioo, akaona safu ndefu ya kijani, akageuka kwa Salhina. "Dada, mzee mwenyewe anasema vizuri, na Dada Pole anasema amepoa. Mimi nani nimbishie mgonjwa?"

"Amekaa upande mmoja wa kiti! Unamwona?"

"Pengine ndivyo anavyopenda kukaa."

"Ndivyo ninavyopenda," mjomba alikubali, ili kijana asiaibike mbele ya watu. Salhina alitoka nje akaupiga teke ukuta. Ukuta nao, hata usilalamike.

*

Profesa Singano, mkuu wa utafiti, alimsikiliza Salhina mpaka mwisho akiwa amesimama dirishani. Alikuwa mtu mwema. Angekuwa mwovu, Salhina angejua pa kumshika.

"Kumfumua mtu ni lazima kinywa chake mwenyewe kiseme anaumwa," alisema. "Hiyo ni Kanuni ya Kinywa, na niliiandika mimi. Unajua kwa nini? Mama yangu alimwambia daktari anaumwa. Daktari akaandika *hana tatizo*. Tulimzika na karatasi inayosema hana tatizo. Humu ndani, Salhina, hakuna atakayeandika kwa niaba ya mgonjwa. Si mimi, si wewe."

"Lakini mashine haimsikii mgonjwa, Profesa. Inasikia salamu."

"Watu wamesema wamepoa."

"Hata kundi la pili wamesema wamepoa! Wale wanaosubiri! Hawajapasuliwa bado, Profesa, utumbo uko nje, wanapewa pole na maradhi wanajibu nishapoa. Nimesikiliza jana!"

Profesa alisogeza pazia la dirisha.

"Hiyo," alisema, "inaonyesha nguvu ya matumaini."

Salhina alifumba macho akajiombea subira. Haikuja.

"Wewe mwenyewe ukipewa pole unajibuje?"

"Mimi ni mshiriki wa kwanza kabisa," Profesa alisema, na sauti yake ikawa kavu. "Nilifumiwa kabla ya mtu yeyote, ili nisimwekee mtu mwilini kitu nisichokiweka mwangu. Nami naendelea vizuri. Kesho nasimama mbele ya Baraza. Nenda ukaandae spika."

Hapo ndipo Salhina, mtu mzima na heshima zake, alipopata wazo la kitoto.

Alikwenda kuandaa spika. Alipokuwa anaandaa spika, akamfungua Dada Pole kidogo tu. Hakugusa salamu wala pole. Alitoa ile amri ya kukata simu baada ya jibu, na mahali pake akaweka neno moja.

*

Baraza lilikutana Jumatano asubuhi. Mwenyekiti wake, Bi Mwanasha Kilua, alikuwa mwanamke wa miwani na kofia ya ukindu, na alikuwa amekwisha kuchoka kabla kikao hakijaanza. Profesa alieleza wavu, alieleza chembe, alionyesha mchoro wa kijani mpaka macho ya wajumbe yakawa ya kijani. Kisha Salhina akainua mkono.

"Mwenyekiti, kwa ruhusa yako. Badala ya kusikia habari za Dada Pole, kwa nini tusimsikie mwenyewe? Mshiriki wa kwanza yuko hapahapa. Leo hajapigiwa."

"Fanyeni haraka," alisema Bi Mwanasha.

Profesa akatabasamu, akaiweka simu yake mezani karibu na spika. Ikalia.

"Assalaam alaykum, Profesa wangu. Habari za asubuhi?"

"Waalaykum salaam. Nzuri sana."

"Pole na upasuaji."

"Nishapoa, mwanangu. Nishapoa kabisa."

Wajumbe wakapiga makofi. Profesa akainua mkono kuwashukuru, akasubiri simu ikatike.

Haikukatika.

"Enhe?" akasema Dada Pole.

Makofi yalikufa moja moja. Profesa aliitazama spika. *Enhe* ni neno dogo, lakini aliyelelewa na mama hawezi kuliacha linaning'inia. Mtu akikuambia enhe, amekaa, amekupa sikio, na wewe una zamu.

"Nishapoa," Profesa akarudia, polepole. Spika ilikuwa kimya. Ukimya wa mtu aliye upande wa pili hajaondoka. "Ila..."

Bi Mwanasha alivua miwani.

"Enhe?"

"Ila asubuhi siwezi kufunga viatu," alisema Profesa, na alikuwa anaiambia spika, si Baraza. "Mke wangu ananifunga. Nikikohoa naona nyota. Mjukuu akinikimbilia kunikumbatia namzuia kwa mkono, siku hizi hanikimbilii tena. Tangu ule mwezi wa kwanza. Nilisema maumivu yatapungua. Kisha majibu ya watu yakaanza kuja, na wote wamepoa, kila asubuhi wote wamepoa. Nikasema basi ni mwili wangu. Mwenye wavu mwenyewe niwe wa kwanza kulia, hali mshiriki kijana wa dukani anasema amepoa? Nikaona haya. Nikawa najibu kama wao."

Alijifuta uso kwa leso. Dada Pole bado hakukata.

"Mhandisi," Bi Mwanasha alisema bila kugeuza kichwa. "Mashine imefanywa nini?"

"Imefundishwa kungoja, mwenyekiti."

"Kwa idhini ya nani?"

"Hakuna aliyeidhinisha."

"Hilo tutalizungumza, na hutalifurahia." Akavaa tena miwani. "Sasa piga kwa mwingine."

Wakapiga kwa mwingine. Nishapoa. Enhe? Ila. Wakapiga kwa mwanamke wa Pongwe: nishapoa, enhe, ila. Wengine walikuwa wazima kweli, wakasema, "Ila nini tena? Nimeshakwambia!" na Baraza likacheka kwa kushukuru. Lakini ila zilikuwa nyingi. Mjumbe mmoja akaacha kuandika akashika kichwa. Mwishowe Salhina akapiga kwa Mjomba Hoza.

"Nishapoa, mwanangu," mjomba alisema kama kawaida.

"Enhe?"

Ikasikika sauti ya mbali ya Bi Mwanaheri: "Hajakata! Sema! Sema kabla hajakata!"

"Ila mwanangu," mjomba akasema kwa tahadhari, "una nafasi? Maana ni habari ndefu."

Alianzia kwenye penalti. Iliwabidi wajumbe wavumilie mchezo mzima, pamoja na muda wa nyongeza, ndipo akafika kwenye nyonga. Lakini alifika. Alisema naumwa. Alilisema wazi, kwa kinywa chake, na kwenye kioo cha ukutani mstari wake ukageuka mwekundu, wa kwanza tangu utafiti uanze.

Bi Mwanasha alisimamisha ufumaji siku hiyohiyo. Salhina alifunguliwa shauri la nidhamu mchana, na kabla ya kwenda kujibu akapewa kazi ya kumfundisha Dada Pole kusema enhe kwa washiriki wote wa jiji, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua alivyofanya. Simu za dakika moja zikawa za nusu saa. Watu walisema za nyonga, wakaendelea na za mgongo, wakamalizia na mkwe. Kitengo cha mitambo kilipiga kelele kwamba laini zimejaa. Salhina aliwaambia ndiyo, zimejaa, zilikuwa zimejaa tangu zamani.

Mjomba Hoza alifumuliwa Alhamisi, siku moja kabla ya mizizi. Safari hii alinyamaza. Mfumaji aliingiza mikono yake minane akaanza kurudi nyuma, akiutafuta mwisho wa uzi kama mtu anayefumua pindo la kanzu. Ule mshipa wa fahamu ulikuwa umezungukwa mara nyingi. Daktari aliyesimamia alisema paja litabaki na ganzi kidogo, lakini ataruka, na akiruka aanze na kushoto.

Salhina alitazama kupitia ukuta wa kioo. Alipogeuka alimkuta Profesa Singano kando yake. Hakumsikia akija. Alikuwa ameegemeza kiganja kwenye kioo, si kwa ajili ya kuona.

"Wa kwako umefikisha miezi mingapi, Profesa?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kumi na mmoja. Umeshakuwa nyama."

Ndani, uzi ulitoka, mweupe, unang'aa, ukajikunja kwenye bakuli. Mkono mmoja wa Mfumaji ulisita, ukapata njia, ukavuta tena.

"Inachukua muda gani kufumua?" Profesa aliuliza.

"Nusu saa."

"Nusu saa tu," alisema.

Muuguzi aliyekuwa anapita alimwona amejikunja vile, akamletea kiti. Profesa alikitazama kile kiti kwa muda, kama mtu anayepima safari ya kushuka. Akamshukuru muuguzi, akasema atasimama tu.